Gobole la Babu: Shajara ya Matengenezo kwa Shilingi 60,000

Jumamosi, 1 Juni 2024

Gobole limeteremshwa leo. Mafundi waliokuja kubadilisha bati la nyumba ya ukoo huku Ndono, wilayani Uyui, walikuwa wameshang'oa nusu ya kenchi pale mmoja wao alipoita kutoka juu kwamba kuna bunduki imeviringishwa kwenye gunia, na kazi yote ikasimama kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuigusa. Baba mdogo, ambaye sasa ana miaka 78, alipanda ngazi mwenyewe, akaipakata kama mtoto mchanga, akailaza juu ya mkeka na kusema tu kwamba ni ya baba yake, yaani babu yangu, na kwamba yeye aliamini iliibwa zamani.

Ni bunduki ya kushindilia kwa mdomoni, yenye mtutu mmoja ulio laini ndani, usio na mistari ile ya kuzungusha risasi, na ni ya kuwashwa kwa fataki. Kifa, kile kichuchu cha chuma kinachovalishwa fataki, bado kipo mahali pake. Nyundo ipo lakini imeganda. Mdeki, ule ufito wa kushindilia, haupo. Mtutu umevaa kutu nyekundu inayobanduka kwa magamba, na kitako kimepasuka shingoni, pale mkono unaposhika, ila mpasuko huo ulifungwa kwa ngozi iliyoshonwa ikiwa mbichi ili ikikauka ibane, nayo imebana hadi leo. Bamba la shaba lililoko mwisho wa kitako limekuwa jeusi kabisa. Kuna pia matundu ya wadudu kwenye mbao, ambayo baba mdogo anayaita ya "Scania", jina ambalo wazee wa huku waliwapa dumuzi walioanza kumaliza mahindi ghalani Tabora miaka ya 1980. Sidhani kwamba ni hao, lakini sikubishana naye.

Kazi yangu ya kila siku ni kutengeneza cherehani, pale Isevya mjini Tabora, kwa hiyo skrubu ndogo zilizoganda na vyuma vyembamba si vitu vigeni kwangu. Silaha ndiyo ngeni. Tumekubaliana na baba mdogo kwamba gobole litengenezwe ili litundikwe sebuleni, lisilie tena kamwe, na kwamba nitatumia shilingi 60,000 na si zaidi, kwa kuwa ndizo nilizokuwa nimeweka kando.

Kabla sijagusa kitu chochote nilichukua ufito mwembamba, nikausukuma taratibu ndani ya mtutu kutokea mdomoni huku nimesimama pembeni, nikaweka alama kwa ukucha pale ulipoishia kwenye mdomo, kisha nikautoa na kuulaza nje ya mtutu kuanzia mdomoni hadi kwenye kifa. Kwa nje, kutoka mdomoni hadi usawa wa kifa, ni sentimita 94. Ufito ulikuwa umeingia sentimita 86. Nilirudia mara tatu, na mara zote zile sentimita 8 zilikosekana.

Gobole lilikuwa limeshindiliwa. Lilikaa juu ya vichwa vyetu, likiwa na baruti ndani, katika miaka yote ambayo tulikuwa tukilala nyumba ile wakati wa likizo. Baruti nyeusi haiozi kwa kuzeeka. Ikikaa pakavu inaweza kuwaka baada ya miaka mia kama ilivyowaka siku ya kwanza, na cheche moja ya grenda au moto wa fundi wa kuchomelea ungetosha. Tulimimina maji mdomoni hadi mtutu ukajaa, kwa sababu maji huyeyusha shura, ile chumvi iliyomo kwenye baruti, kisha tukaliegemeza kwenye pembe ya ghala na kukataza watoto wasifike huko.

Jumanne, 4 Juni

Baba mdogo alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji siku ya Jumapili, mwenyekiti akapiga simu, na leo askari wawili wamekuja na gari kulichukua. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mwenye silaha awe na leseni, na sisi hatuna hata karatasi moja, ingawa inasemwa kwamba babu alikuwa na kibali cha enzi ya Waingereza. Wametuandikisha maelezo kwa upole. Nilieleza mpango wetu wa kulitundika ukutani, nikaambiwa kwamba hilo litaangaliwa baada ya kulikagua.

Nauli hadi sasa ni shilingi 6,000, na sijanunua hata kipande cha msasa.

Jumamosi, 29 Juni

Limerudi, pamoja na barua. Fundi silaha aliyelikagua ni Mzaramo, mtani wetu, na aliponiona tu alisema anashangaa kumwona Mnyamwezi ametembea umbali wote huo bila mzigo kichwani. Baada ya hapo alinionyesha kilichotoka mtutuni, alichokuwa amekihifadhi kwenye kikopo: uji mweusi uliokauka ambao ulikuwa baruti, kifundo cha nyuzi za gome la myombo lililopondwa, na vipande sita vya chuma, vitano vikiwa ni misumari minene iliyokatwa na kimoja goroli ya baiskeli. Goroli hiyo imenipa la kufikiri, kwa sababu inaonyesha kwamba lilishindiliwa mara ya mwisho katika zama za baiskeli, si katika vita vya watemi kama tunavyosimuliana.

Sharti la kurudishiwa lilikuwa moja: mtutu uzibwe usifae tena. Fundi wa kuchomelea aliitwa palepale kituoni, akasimamiwa. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba atoboe na kuchomelea kutokea chini, upande unaofichwa na mbao, na asipitishe moto juu ya shina la mtutu, yaani mwisho wake ulio karibu na kifa, maana nilikuwa nimehisi kwa kidole michoro fulani chini ya kutu. Alikubali. Sasa kuna kizibo cha chuma ndani, kimeshikamana na mtutu, na tundu la kifa limejazwa. Malipo yake ni shilingi 7,000. Atakayesoma haya akiwa na gobole darini asichukue niliyofanya kama ruhusa. Aanze na kituo cha polisi kilicho karibu naye, na asilibebe yeye kulipeleka.

Jumamosi, 13 Julai

Wiki mbili hizi nimefanya jambo moja tu, nalo ni kulowesha. Nimenunua lita moja na nusu ya mafuta ya taa kwa shilingi 5,000, na kila jioni nikifunga kibanda napaka matone kwenye kila skrubu kwa unyoya wa kuku. Kijana wangu wa kazi anaona ninachezea muda, kwa sababu grenda yenye brashi ya waya iko hapohapo na ingemaliza kutu yote kwa nusu saa. Ni kweli ingeimaliza, pamoja na kila kitu kilichoandikwa kwenye chuma.

Leo nimejua kilichoandikwa. Nilisugua shina la mtutu kwa kipande cha stili waya ya kuoshea sufuria kilicholoweshwa mafuta, kwa kidole kimoja, taratibu, na baada ya saa moja hivi ikatokea duara ndefu kama yai, ndogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, ndani yake zikiwamo herufi E, L na G, na chini yake nyota. Hii ni alama ya ukaguzi wa mitutu wa mji wa Liège, Ubelgiji, ambako bunduki za biashara zilitengenezwa kwa wingi karne ya 19 na kupelekwa pande zote za Afrika. Kilichonifurahisha zaidi ni kile ambacho hakipo. Kuanzia mwaka 1893 alama hiyo iliongezewa taji juu ya duara. Hapa hakuna taji, na chuma cha mahali hapo hakijaliwa na kutu kiasi cha kulifuta. Mtutu huu, basi, ulikaguliwa kabla ya hapo.

Mwaka huohuo wa 1893, mwezi wa Januari, ndipo Mtemi Isike wa Unyanyembe aliposhindwa na Wajerumani hapa Tabora, akajilipua kwa baruti ndani ya ngome yake kuliko kukamatwa. Naye Mirambo, mtemi mwingine wa Wanyamwezi, alishakufa mwishoni mwa 1884. Katika ukoo wetu inasimuliwa kwamba gobole hili lilibebwa na mmoja wa rugaruga, yaani askari, wa Mirambo, na leo usiku nilipompigia baba mdogo simu kumweleza habari ya taji, alisema, "Si unaona, mwanangu?" Sijaona. Alama inasema tu kwamba mtutu ni wa kabla ya 1893. Haisemi ulifika lini wala ulibebwa na nani. Bunduki kuukuu za Ulaya ziliuzwa Zanzibar kwa wingi wa kutisha, hata mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko alikadiria kwamba zilizokuwa zikipita kuja bara ni kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka, na katika wingi huo gobole moja linaweza kuwa la mtu yeyote. Nimemwambia hivyo kwa adabu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula.

Jambo lingine linanichekesha peke yangu. Mwezi Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora likitokea Kongo na kuwatoa Wajerumani. Huenda chuma hiki cha kwao kilikuwa kimeshawatangulia miaka mingi.

Jumamosi, 27 Julai

Mtambo, yaani sehemu ya kufyatulia, umefunguka. Siri ilikuwa bisibisi. Skrubu za zamani zina mfereji mwembamba sana, na bisibisi ya dukani, ambayo ncha yake imechongwa kama kabari, hupanda juu na kula kingo za mfereji. Nilichukua bisibisi kuukuu ya cherehani, nikainoa kwa tupa hadi ncha yake ikawa na unene uleule wa mfereji na pande zake zikasimama wima, ikaingia na kujaa kama ufunguo kwenye kufuli. Nilipasha moto kila kichwa cha skrubu kwa chuma cha kuchomelea nyaya za redio, nikasubiri kipoe kidogo, nikaongeza tone la mafuta. Skrubu mbili za ubavuni zilitoka siku ya kwanza. Ya tatu ilikataa siku nne, na ilipotoka ilitoa mlio kama wa mlango wa sefu.

Ndani kulikuwa na tope la mafuta yaliyoganda, kiota kikavu cha nyigu, na spring ya bapa iliyokunjwa mithili ya herufi V, ambayo kwa mshangao wangu ilikuwa nzima.

Ilikuwa nzima.

Nilikosea hapa, na nitaandika kosa lenyewe kama lilivyokuwa. Vyuma vidogo niliviondoa kutu kwa umeme: ndoo ya plastiki, lita nane za maji, vijiko viwili vya magadi ya shilingi 500, kipande cha nondo kilichounganishwa kwenye waya wa chanya wa chaja ya betri ya volti 12, na chuma chenye kutu kwenye waya wa hasi. Chuma chenye kutu lazima kiwe kwenye hasi, kwani ukibadilisha nyaya kitaliwa chuma chako badala ya nondo, na kamwe usitumie chuma cha pua mahali pa nondo kwa sababu hutoa sumu ndani ya maji. Viputo vinavyopanda ni haidrojeni, kwa hiyo kazi hufanywa nje, mbali na jiko. Pete za mtutu, kikingio cha triga na skrubu vyote vilitoka vyeusi, safi, na kutu iliyobaki ikafutika kwa mswaki. Kwa kufurahishwa na matokeo niliitumbukiza na spring, nikaiacha usiku kucha.

Asubuhi niliibana kidogo tu kwenye jiliwa ili nione kama ina nguvu, ikakatika vipande viwili pale penye mkunjo, bila hata kupinda. Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu cha spring na kukifanya kiwe kama kioo, ila nilidhani ni mambo ya viwandani. Spring iliyodumu zaidi ya miaka 130 imekufa kwa magadi ya shilingi 500. Kwa kuwa gobole halitafyatua tena, haihitajiki. Lakini ilikuwa kitu cha asili, na mimi ndiye niliyeivunja. Nimevifunga vipande vyote viwili kwenye karatasi yenye mafuta. Nyundo, ambayo sasa inaning'inia ovyo, nimeitengenezea kipande cha ngozi kinachokaa ndani ya mtambo na kuishikilia chini, juu ya kifa.

Jumamosi, 17 Agosti

Mtutu umechemshwa, na jaribio limeshindwa.

Kuhusu mtutu nilikuwa nimeshaamua kwamba sitauingiza kwenye umeme. Kutu nyekundu ikichemshwa katika maji safi hugeuka kuwa kutu nyeusi, ambayo imeshika chuma na kukikinga, na ile iliyolegea hutoka kwa brashi. Chuma hakikwanguliwi hata kidogo na alama hubaki. Shida ni chombo cha kuchemshia kitu cha urefu wa karibu mita moja. Fundi wa masanduku ya bati alinikatia pipa kuukuu la mafuta akakunja hori jembamba kwa shilingi 8,000. Nikaliweka juu ya majiko matatu yaliyopangwa kwa mstari, kwa mkaa wa shilingi 2,000. Maji yalikuwa ya mvua, yaliyobaki kwenye tenki la jirani tangu masika, kwa kuwa ya bomba, yanayotoka Ziwa Victoria, yametiwa klorini, na klorini huamsha kutu upya.

Baada ya dakika arobaini mtutu ulitoka na madoa kama ngozi ya kenge: hapa mweusi, pale mwekundu uleule. Sababu niliijua nilipoona mng'ao wa rangi za upinde wa mvua juu ya maji. Pipa lilikuwa la mafuta na sikulichoma moto kabla ya kazi, na mtutu wenyewe nilikuwa nimeupaka mafuta ya taa kwa wiki sita. Penye mafuta maji hayafiki.

Jumamosi, 24 Agosti

Hori limechomwa kwa moto wa kuni hadi likaacha kutoa moshi. Mtutu umesuguliwa kwa majivu na sabuni mara mbili, ukasuuzwa, na tangu hapo haujaguswa kwa mkono mtupu bali kwa kitambaa safi. Safari hii rangi ilianza kubadilika mbele ya macho yetu: wekundu uliiva ukawa kama zambarau, kisha kahawia iliyokolea, kisha mweusi usiong'aa. Nilibrashi, nikaurudisha, nikabrashi tena, mara nne kwa jumla. Kijana wangu, aliyekuwa akisifia grenda, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa muda wote akipuliza mkaa bila kuambiwa.

Alama ya yai na nyota inasomeka vizuri kuliko mwanzo. Brashi, msasa na stili waya kwa jumla vimenigharimu shilingi 4,500.

Jumamosi, 14 Septemba

Mbao. Hapa ndipo muda mwingi umekwenda, ingawa cha kusimulia ni kichache. Wadudu niliwamaliza kwa jua: kitako kilifungwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki uliobanwa hewa isitoke, kikawekwa juu ya bati saa sita mchana kwa siku tatu mfululizo. Plastiki huzuia mbao isipoteze unyevu wake, hivyo haipasuki zaidi.

Karibu na mtambo kulikuwa na kipande kilichomeguka, kirefu kama kidole gumba. Nilikichonga upya kwa mninga, ambao kwa seremala jirani yangu ni takataka za kuwashia moto, nikaupachika kwa gundi ya mbao ya shilingi 4,000. Mninga ni mwekundu kupita mbao ya gobole, kwa hiyo niliupaka kwanza chai ya rangi iliyochemshwa hadi ikawa chungu, ukakauka, kisha nikapaka siki ya shilingi 1,500 iliyokuwa imelowekwa stili waya kwa wiki nzima. Siki yenye chuma ikikutana na ukakasi wa chai hutoa weusi palepale. Nililijaribu hili kwenye vipande kumi na moja vya mabaki kabla sijathubutu kwenye kitako chenyewe. Mtu akiangalia kwa karibu kiraka kinaonekana, nami nimeridhika kionekane.

Kwenye mpasuko wa shingoni kila aliyeliona gobole alinishauri nikate ile ngozi, nigandishe mbao, kisha niitupe. Ngozi hiyo ilishonwa na mtu mwenye subira kuniliko. Kushona kwake ni kwa kamba ya mshipa, kila tundu liko umbali sawa na lenzake, na upande mmoja bado kuna vinyweleo vifupi vyeupe ambavyo ukivipitishia kidole vinalala upande mmoja kama manyoya ya mbuzi aliye hai. Nilinunua bomba la sindano kwa shilingi 300 duka la dawa, nikaizimua gundi kwa maji kidogo, nikaipenyeza chini ya ngozi kupitia tundu mojawapo la wadudu hadi ikatokea upande wa pili. Nililifunga shingo kwa mpira wa tyubu ya baiskeli usiku kucha. Halitikisiki tena, na ngozi haijakatwa hata uzi mmoja.

Jumamosi, 28 Septemba

Baba mdogo amekuja mjini kuliona, na tumetofautiana.

Mafuta ya kitani ya shilingi 9,000 yalikuwa yameshapakwa mara tatu, membamba, kila mara nikisubiri siku tano. (Matambara yake huyaanika nje yakiwa yametandazwa, yakirundikwa yakiwa mabichi hupata joto yenyewe na kuwaka.) Juu yake nikapaka nta ya nyuki kutoka Sikonge, robo kilo kwa shilingi 3,000, iliyoyeyushwa katika tapentaini ya shilingi 3,500 ndani ya kopo lililokaa kwenye maji ya moto. Mbao imeiva rangi ya kahawa na haing'ai kama meza ya ofisini. Mtutu ni mweusi. Nilitarajia sifa.

Alilizungusha mikononi, akapitisha dole gumba kwenye ngozi, akatikisa kichwa kwa kukubali, kisha akafika kwenye bamba la shaba. "Hapa bado hujamaliza," alisema.

Nilimweleza kwamba nimemaliza, kwamba weusi ule wa shaba ni umri wake, na kwamba ukishaondolewa haurudi ila baada ya miaka mingi. Nilizungumza kwa muda mrefu, nadhani kwa sababu nilikuwa nimeshamshinda kila mtu kwa hoja hiyohiyo: kijana na grenda yake, seremala na vanishi yake, wote walioshauri ngozi ikatwe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," alisema, "mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kulisugua. Kila Idi. Majivu ya jikoni na limau, mpaka baba ajione uso wake ndani. Weusi huo umeingia baada ya yeye kufa, kwa kuwa hakuna aliyelijali. Wewe unatunza uvivu wetu."

Sikuwa na jibu, na hata sasa ninapoandika sina. Kutu ya mtutu niliiheshimu kwa kuwa sikujua mtutu ulikuwaje zamani. Ya shaba kuna mtu hai anayejua. Nilimwomba radhi. Nilimwambia pia habari ya spring, ambayo nilikuwa nimeificha tangu Julai. Aliomba avione vipande, akavitazama kwenye mwanga wa mlangoni, akavitia mfukoni.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ndono. Nauli ya leo, pamoja na ile ya kulifuata kituoni mwezi Juni, imefanya nauli zote zifike shilingi 12,000, na nilipojumlisha kila kitu hesabu ilikuja shilingi 60,300. Nimezidi kwa shilingi 300, bei ya bomba la sindano.

Nilikuwa nimepanga kulisugua bamba mwenyewe nikiwa na kitambaa laini, lakini nilipofika nilimkuta baba mdogo ameshaketi kibarazani, pembeni yake kisahani cha majivu yaliyochekechwa na nusu mbili za limau. Alilipakata gobole mapajani, kitako juu, akachovya limau kwenye majivu na kuanza kuzungusha, kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kukimbilia. Juisi ilitoka nyeusi ikadondoka kwenye kanzu yake na hakujali. Weusi ulipokuwa umetoka sehemu ya ukubwa wa shilingi mia, alisimama, akaniuliza kama nina kitambaa kikavu, akafuta, akaendelea.

Misumari miwili ya kulitundikia ipo ukutani tayari, juu ya mlango wa chumba chake, na barua ya polisi imebandikwa nyuma ya mlango huohuo. Hadi ninapoondoka kuwahi gari la saa kumi, alikuwa amefika nusu ya bamba, na mjukuu wake wa miaka minane alikuwa ameshapewa lile limau la pili.